Fundi Hafungui

Pale Makoroboi, ukishawapita wauza mitumba,
kabla mawe hayajaanza kupanda mlima,
hapo ndipo nilipotandika gunia langu:
nyundo, msharasi, nta, kopo la gundi,
na ndala tatu ambazo wenyewe hawakurudi.

Nashona viatu. Nashona na vile vingine.
Huletwa vimefungwa kaniki, vidogo kama kidole gumba,
mwenye navyo akitazama pembeni
kana kwamba katumwa na jirani.
Kijana wa bodaboda, cha mkononi.
Kipa, cha kutia ndani ya soksi.
Mama wa mapacha, viwili,
visipishane hata uzi.
Mgombea udiwani alimtuma dereva.
Siulizi. Ngozi ni ngozi,
na mzigo wa mtu ni wa mtu.
Bwana aliyenifunza kazi aliniachia neno moja:
fundi hafungui.

Mbuke alikuja Jumanne, jua limesimama.
Hakuwa na kiatu.
Aliweka juu ya goti langu kitu cheusi,
kimevimba, kinanuka ziwa,
nikakitambua kabla hajasema:
fundo la mwisho, lile la kurudi mara mbili,
hakuna mwingine afungaye hivyo mjini hapa.

"Kilikuwa kiunoni mwa Ntobi," akasema.
"Mtumbwi waliukuta nyuma ya kisiwa cha Juma,
taa za dagaa bado zinaelea.
Yeye, siku ya nne.
Hiki kilikuwa bado kimeshika."

Kimeshika. Neno hilo mafundi tunalipenda.

"Tulitoa mbuzi, na elfu thelathini juu.
Kifungue. Nataka kuona tulinunua nini."

Nikamweleza habari za yule bwana na neno lake.
Akanitazama kama mtu anayetazama kufuli
kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Nikachukua wembe.

Na hapa niseme kweli, maana nimezeeka:
mimi siamini wala sikatai,
ila mkono ulitetemeka, nikiuwaza uzi wangu.
Siku ile nta iliniishia.
Nilishona kavu, nikasema, si cha kiunoni tu?
Maji yalipita kwenye matundu yangu mimi,
moja baada ya jingine, kumi na manne.

Ndani: kipande cha mzizi,
laini kama muhogo uliovundikwa.
Majivu yamegeuka tope.
Na karatasi, imekunjwa mara nne.
Wino wa mganga ulikuwa umekwenda wote,
umebaki wekundu hafifu, kama ufizi wa mtoto.
Lakini upande wa pili, visanduku vya daftari la hesabu,
na penseli. Penseli haijui maji.
Arobaini na tano gawanya kwa tisa.
Tano. Na ile tano imegeuzwa,
tumbo limetazama nyuma.

"Limi," akasema Mbuke. "Darasa la tatu wakati ule.
Mganga alitaka karatasi, tukachana ya Limi.
Alipolia nilimchapa."
Akacheka, na kicheko kikavunjika katikati
kama kisigino.

Hatukuongea. Muuza maji alipita akigonga chupa zake.

"Huo mzizi tupa. Karatasi ishone."

Tukaianika kwanza juu ya jiwe, imekandamizwa na nyundo.
Nikaupaka uzi nta, nikaupaka tena,
nikashona kama mtu azibaye mtumbwi
na abiria tayari wameketi ndani.

Bei? Nikasema hakuna. Akakataa katakata:
dawa ya bure haiponyi, hata mtoto anajua.
Akatumbukiza sarafu ya mia mbili kwenye kopo la gundi,
mpaka leo imo, imeganda.
Hakukifunga kiunoni. Alikitia katika pindo la khanga,
akapiga fundo, fundo lake, si langu,
akashika njia ya Kirumba, kuelekea mwaloni.

Siku hizi bado siulizi kilichomo.
Nauliza moja tu, na wengine hukasirika:
mwenyewe anakwenda majini?
Akisema ndiyo, naongeza nta.
Akisema hapana,
naongeza vilevile.